Joto la Prosesa Linataka Njia: Kwa Nini Kigae cha Peltier Hakijaiondoa Feni



Kuna kigae cheupe cha kauri, sentimita 4 kwa 4, unene wake kama milimita 4, chenye waya mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Ukikiunganisha na betri ya volti 12, uso wake mmoja unapoa na mwingine unapata moto. Ukigeuza waya, nyuso nazo zinabadilishana kazi. Hakina kompresa wala gesi, hakuna kinachozunguka ndani yake, na hakitoi sauti. Kila anayekishika kwa mara ya kwanza hujiwa na wazo lilelile: kwa nini tusikibandike juu ya prosesa ya kompyuta, tukaachana na mafeni na vumbi lake? Wazo hilo si la kipuuzi hata kidogo. Limewavutia mafundi, limewavutia wacheza gemu wanaotaka mashine zao zikimbie kuliko za wenzao, na mwishowe likaivutia hata kampuni ya Intel. Hata hivyo, miaka karibu 190 imepita tangu jambo lenyewe lijulikane, na kompyuta tunazotumia, pamoja na zile zilizopangwa kwa maelfu katika vituo vya data, bado zinapozwa kwa shaba, alumini, maji na upepo. Hoja yangu leo ni kwamba hilo halikuletwa na uzembe wa wahandisi, wala bei ya kigae, kwani kigae ni rahisi. Prosesa ina joto jingi linalotaka kutoka, na linaweza kutoka lenyewe likipewa njia pana. Kigae hiki, kwa umbile lake, huifinya njia hiyo kwanza, ndipo kianze kusaidia.

Asili yake nitaipitia upesi. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na maungio yake yakawa na joto lisilolingana, sindano ya dira iliyo karibu husogea. Mwaka 1834 Jean Charles Athanase Peltier, Mfaransa aliyewahi kuwa fundi saa, aliliona jambo hilo kwa upande wa pili: ukipitisha umeme katika maungio ya metali mbili, ungio moja hupata joto na jingine hupoa. Miaka 4 baadaye Emil Lenz alidondosha tone la maji juu ya ungio la bismathi na antimoni, akapitisha umeme, tone likaganda. Akageuza mkondo, likayeyuka. Baada ya hapo jambo lililala kwa zaidi ya miaka mia. Sababu ni kwamba metali ikipitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri pia, kwa hiyo baridi uliyoinunua upande huu huliwa na joto linalorudi kutoka upande ule. Ilibidi zije nusukipitishi. Mwaka 1954 Julian Goldsmid, katika maabara za kampuni ya GEC nchini Uingereza, alionyesha kwamba mchanganyiko wa bismathi na telurimu unaweza kushusha joto kutoka lile la chumbani hadi chini ya sifuri. Vigae vinavyouzwa leo ni wajukuu wa kazi hiyo, na mchanganyiko ni uleule.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu uamuzi wote umo humu. Ndani ya kigae mna vinguzo vidogo vya nusukipitishi, viwili viwili, vimepangwa katikati ya mabamba mawili ya kauri. Umeme ukipita, mambo matatu hutokea kwa pamoja. La kwanza ndilo tunalolitaka: joto huhamishwa kutoka uso mmoja hadi mwingine, na kiasi chake hukua sawasawa na mkondo. La pili, vinguzo vyenyewe hupata moto kwa kuupinga umeme, na moto huo hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: ukiuzidisha mkondo mara mbili, moto unazidi mara nne, na nusu yake inaingia kwenye uso ule unaotaka kuupoza. La tatu, kadiri uso mmoja unavyopoa na mwingine unavyopata moto, ndivyo joto linavyozidi kupenya kurudi lilikotoka. Juu ya hayo, kila wati ya umeme inayoingia hugeuka joto na kutokea upande wa moto. Kigae cha Peltier ni hamali anayebeba gunia lako, lakini kila akipiga hatua anatwika juu yake gunia lake mwenyewe, na mwisho wa safari ni lazima upate mahali pa kuyatua yote mawili.

Tuchukue kigae ambacho mafundi wanakijua sana, chenye maandishi TEC1-12706. Tarakimu hizo zinasomeka: 127 ni idadi ya jozi za vinguzo, na 06 ni mkondo wa takribani ampea 6. Taarifa za kiwandani zinasema kwamba upande wa moto ukiwa na nyuzijoto 25, kigae kinaweza kuhamisha wati 50, na kinaweza kuleta tofauti ya nyuzi 66 kati ya nyuso zake. Mnunuzi akisoma haraka huona vyote viwili ni vyake. Kumbe wati 50 hupatikana pale tu ambapo tofauti ya joto ni sifuri, na nyuzi 66 hupatikana pale tu ambapo kigae hakihamishi chochote. Kati ya ncha hizo mbili, ukipata kimoja unapoteza kingine. Ili kufikia viwango hivyo kigae kinakula ampea 6.4 kwa volti 14.4, yaani karibu wati 90 za umeme.

Sasa tuiweke prosesa mezani. Core i9-13900K, iliyotoka mwaka 2022, inaruhusiwa kutumia hadi wati 253 inapofanya kazi kwa nguvu zote, na kipande chake cha silikoni kina eneo la takribani milimita za mraba 257. Hiyo ni karibu wati 100 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kigae chetu, kikiwa katika hali yake bora kabisa, huhamisha wati 50 kwa sentimita za mraba 16, yaani wati 3 na ushei kwa kila sentimita. Tofauti ni mara 30. Mtu atasema: tutandaze joto hilo kwenye bamba pana la shaba, kisha tuweke vigae vingi. Sawa, tufanye hesabu. Tukitaka uso wa baridi uwe nyuzi 20 chini ya uso wa moto, kila kigae kinabaki na uwezo wa kama wati 35. Kwa wati 250 tunahitaji vigae 8, navyo vitakula takribani wati 700. Jumlisha zile 250 za prosesa. Upande wa moto sasa una wati 950 zinazotakiwa kutoka, na zitatolewa na nini? Na radieta na mafeni yaleyale tuliyotaka kuyakimbia, ila sasa makubwa mara tatu au nne.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wanaokijua kigae vizuri, na ni la haki. Watasema nimekionea kwa kukiendesha kwa mkondo wa juu kabisa. Kikipewa nusu ya mkondo kinafanya kazi kwa adabu zaidi. Kweli. Kwa ampea 3.2 na tofauti ileile ya nyuzi 20, kigae kimoja huhamisha kama wati 22 huku kikila wati 23 au 24. Yaani umeme unakaribia kulingana na joto linalohamishwa, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini tazama bei ya nafuu hiyo: vigae vimekuwa 11 au 12, umeme ni zaidi ya wati 250, na mfumo wa kupoza sasa unakula sawa na kompyuta yenyewe. Kompresa ya jokofu la kawaida huhamisha wati 2 hadi 4 za joto kwa kila wati moja ya umeme. Na hata kompresa hatuifungi juu ya prosesa, kwa sababu nitakayoieleza sasa.

Prosesa si nyama wala chanjo. Katika kazi za kawaida hakuna anayeitaka iwe na baridi kuliko chumba ilimo. Mtengenezaji anairuhusu ifikie nyuzi 100, na ikiwa kazini saa nzima kwa nyuzi 80 au 90 hakuna jambo la ajabu. Chumba kina nyuzi 30. Basi pana mteremko wa nyuzi 60 kati ya silikoni na hewa, na joto hushuka mteremko huo bila kusukumwa na mtu. Wati 250 kwa nyuzi 60 maana yake ni kwamba kila wati inatengewa karibu robo ya nyuzi moja, na kazi yote ya mhandisi ni kuhakikisha njia haidai zaidi ya hapo. Ndiyo maana tunaona mirija ya shaba iliyofungwa, yenye maji kidogo ndani: maji hugeuka mvuke upande wa prosesa, mvuke hukimbilia kwenye mapezi ya alumini, hurudi kuwa maji, na maji hurejea yalikotoka kupitia utando wa ndani wa mrija. Hakuna umeme hapo. Umeme pekee ni wa feni, wati chache tu. Pampu ya joto, iwe ya Peltier au ya kompresa, inastahili mahali ambapo joto linatakiwa lipande mlima. Hapa hakuna mlima.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo naliona ndilo zito kuliko yote. Sifa iliyoupa umaarufu mchanganyiko wa bismathi na telurimu ni kwamba hupitisha joto kwa shida sana, takribani wati 1.5 kwa mita kwa kila nyuzi, ilhali shaba hupitisha karibu 400. Kwa friji ndogo hiyo ni neema, kwani joto halirudi kwa urahisi. Kwa prosesa ni balaa: tumechukua njia ya shaba tukaikata katikati, tukaweka kitu kinachopitisha joto mara 250 chini yake. Hebu fikirini kigae kimoja kimekatikiwa umeme. Ili wati 250 zipenye humo zingehitaji tofauti ya zaidi ya nyuzi 300. Prosesa ingejizima zamani. Feni ikiharibika, mapezi bado yanatoa joto kidogo na mashine inapunguza kasi yake. Kigae kikiharibika kinageuka blanketi.

Pingamizi la pili linahusu kasi, na lina ushahidi nyuma yake. Transista zikipoa, umeme unaovuja bila kazi hupungua, na prosesa huweza kupanda megahezi kadhaa ambazo isingezifikia ikiwa na joto. Ndiyo maana wanaoshindania rekodi humimina naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, moja kwa moja juu ya chombo kilichokaa kwenye prosesa. Kwa nia hiyohiyo Intel ilitoa mwaka 2020 teknolojia iliyoiita Cryo Cooling, na kampuni za Cooler Master na EK zikatengeneza vipoza vyenye kigae cha Peltier kilichoungwa na radieta ya maji. Kigae hicho kiliweza kula hadi takribani wati 200 peke yake. Kazi ya uhandisi ilikuwa nzuri: kulikuwa na vihisio vya joto na unyevunyevu, na programu iliyokirekebisha kigae wakati wote. Mwaka 2023 Intel ikausitisha mradi.

Sitaki kuufanya usitishaji huo kuwa hukumu, maana kampuni husitisha mambo kwa sababu nyingi. Nautumia mradi huo kwa sababu ya vile vihisio vya unyevunyevu, ambavyo vinasema zaidi ya tangazo lolote. Kitu chochote kikipoa kupita kiwango fulani, hewa iliyo karibu nacho hutoa umande, kama chupa ya soda iliyotolewa friji. Umande ukijitokeza chini ya prosesa, kwenye pini zake mamia kwa mamia na juu ya mazabodi, kinachofuata ni shoti na kutu. Ndiyo maana katika hali yake ya kawaida programu ya Intel haikuruhusu bamba la baridi lishuke hadi kiwango cha umande. Sasa hamishieni kanuni hiyo Mombasa au Dar es Salaam. Siku yenye nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 75, ambayo kwa watu wa pwani ni siku kama nyingine, umande huanza kwenye nyuzi 25. Maana yake kigae kinaruhusiwa kushuka nyuzi 5 tu chini ya joto la chumba, kisha kinatakiwa kisimame. Mamia ya wati kwa ajili ya nyuzi 5! Nairobi, siku ya nyuzi 22 na unyevunyevu wa asilimia 55, umande huanza kwenye nyuzi 12 hivi, kwa hiyo kuna nafasi ya nyuzi 10. Zaidi ya hapo ni kuziba kila upenyo kwa sponji na grisi, na kuomba pasibaki ufa. Kwenye hewa yenye chumvi ya bahari, mimi nisingeomba.

Wapo watakaosema kwamba kwa kuyasema haya nakidharau kigae. La hasha. Kifaa hiki kina kazi zake, na mojawapo inawahusu wote wanaotumia intaneti katika ukanda huu. Mikongo ya baharini iliyoanza kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 hubeba mawasiliano kwa mwanga wa leza, rangi nyingi ndani ya uzi mmoja wa kioo. Katika mpangilio mmoja uliozoeleka, rangi jirani hutofautiana kwa nanomita 0.8 tu. Leza ya aina hiyo ikipata joto huhama kwa kama nanomita 0.1 kwa kila nyuzi moja, hivyo nyuzi 8 zinatosha kuitupa juu ya njia ya jirani yake. Kwa sababu hiyo leza ya namna hii hufungwa ndani ya kasha dogo pamoja na kigae cha Peltier chenye ukubwa wa ukucha, kinachoishikilia kwenye joto lilelile mchana na usiku. Joto linalohamishwa ni wati chache, usahihi unaotakiwa ni sehemu ndogo ya nyuzi moja, na leza inaweza kuhitaji kuwa baridi kuliko mtambo unaoizunguka. Vilevile mashine za PCR, zile zilizopima virusi vya korona, hupandisha sampuli hadi nyuzi 95 na kuishusha tena mara kadhaa mfululizo, kazi inayofanywa na vigae hivi kwa kugeuza mkondo tu. Katika kazi hizi ulaji wa umeme hauumi mtu.

Limebaki pingamizi la tatu, nalo ni la wakati: kwamba nusukipitishi zitaboreshwa na hesabu zangu zitachakaa. Watafiti hupima ubora wa nusukipitishi hizi kwa kipimo kimoja kinachoandikwa ZT. Kwa miongo mingi ZT ya vigae vya joto la chumbani imezunguka 1. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliusaga mchanganyiko wa bismathi na telurimu hadi chembe ndogo sana, wakaushindilia upya, wakapata 1.4 kwenye nyuzi 100. Ili kigae kiikaribie kompresa, ZT ingebidi ifike 3 au zaidi. Lakini hata ikifika, hoja yangu haihami, kwa kuwa haikusimama juu ya ulaji wa umeme peke yake. Imesimama juu ya njia. Penye maendeleo ya kweli ni pale watafiti walipoacha kuikata njia. Mwaka 2009 Intel na wenzake walichapisha jaribio ambalo kigae chembamba sana, cha tabaka nyembamba za nusukipitishi, kiliwekwa juu ya doa moja la moto ndani ya kipande cha silikoni, penye joto la takribani wati 1,300 kwa sentimita ya mraba. Doa hilo likapoa kwa hadi nyuzi 15. Hapo sikibishii kigae. Unene ni mdogo, kwa hiyo njia haijazibwa. Eneo ni dogo, kwa hiyo wati ni chache. Na hakuna kinachoshuka hadi kwenye umande, kwa sababu lengo ni kusawazisha doa lililozidi, wala si kuipoza prosesa nzima.

Mwaka 2019 watafiti wengine wa Marekani walikwenda mbali zaidi, wakaipindua kanuni yenyewe. Kwa kuwa prosesa ni ya moto kuliko hewa, walisema, tutafute kitu kinachopitisha joto vizuri na wakati huohuo kinasukumwa na umeme kuelekea kulekule joto linakoelekea. Walichojaribu ni metali, kobalti mojawapo, ambayo hupitisha joto kwa karibu wati 100 kwa mita kwa kila nyuzi. Umeme ukizimwa, joto linaendelea kupita kama kawaida. Umeme ukiwashwa, linapita kwa wingi zaidi. Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kutengeneza barafu, maana joto lingerudi upesi kama lilivyotoka. Juu ya prosesa yenye nyuzi 90 katika chumba chenye nyuzi 30, kasoro hiyo haina uzito, na swali linalobaki kwa maabara ni umeme kiasi gani kitadai kwa kila nyuzi moja kinayoipunguza.